Aljebra kwa Njia ya Posta

Kalenga, Iringa
12 Februari 1956

Kwako mjomba wangu Asukile,

Ndaga, mjomba. Nakusalimu wewe na mkeo mama Marta na watoto wote hapo nyumbani. Mimi sijambo. Wenzangu huku wakijikunyata asubuhi kwa baridi mimi nawacheka, maana hawajawahi kuamkia viazi milimani kwetu Mbeya. Mwambie mama kwamba viatu bado vinanitosha, ila vidole vimeanza kulalamika.

Mjomba, nimejitia aibu mbele ya shule nzima, na sasa naomba unisaidie kuimalizia. Mwezi uliopita alitutembelea bibi mmoja anayefundisha Makerere, kule Kampala. Akauliza kila mmoja anataka kusoma nini. Wenzangu wakajibu uuguzi na ualimu, kwa sauti ya adabu. Ilipofika zamu yangu nikasema kwamba nikiwa kwenye basi kuja shule niliona mchele Chimala unauzwa bei ya kutupa, nilipofika Iringa ukawa ghali kama dawa, nami nataka kusoma kitu kitakachonieleza nani anaamua mambo hayo. Wenzangu wakageuka kunitazama. Nilidhani nitatolewa nje. Lakini yule bibi akasema somo hilo lipo, na mwalimu wetu akatafsiri kwamba ndilo uchumi. Rafiki yangu Esta wa darasa la tisa, mtoto wa Kihesa hapa mjini, akaniuliza kama kweli nitakwenda mpaka Kampala kujifunza kuchuma kahawa. Tangu siku hiyo jina langu ni Mchumaji.

Bibi yule alisema uchumi unataka Kiingereza, historia na jiografia. Hivyo ninavyo. Lakini unataka pia hesabu zenyewe, aljebra na jometri, tena nizifaulu katika mtihani wa darasa la kumi mwezi wa Novemba, la sivyo hakuna darasa la kumi na moja wala Makerere. Hapa kwetu hesabu za wasichana ni kugawa unga kwa vikombe na kupima kitambaa cha gauni. Nilimwendea Mwalimu Mkuu wetu, ambaye ni bibi Mwingereza. Akasema hana mwalimu wa aljebra, na kwamba kwanza nikashone kifungo changu. Ni kweli kilikuwa kimekatika.

Katika ukoo wetu mwalimu ni wewe peke yako. Naomba unifundishe kwa barua.

Ni mimi mpwa wako asiyejua kunyamaza,
Ikupa


Mbeya
10 Machi 1956

Mpwa wangu Ikupa,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, lakini maneno hayakufutika. Nimemsomea mama yako mara mbili. Alicheka pale pa kifungo, akasema huyo Mwalimu Mkuu ni mtu wa maana. Marta ana kikohozi ila bado ananikaripia, kwa hiyo tunajua hajambo.

Umeniita mwalimu. Ngoja nikueleze ni mwalimu wa aina gani uliyenaye. Nafundisha darasa la kwanza. Hesabu zangu zinaishia pale vidole vya mtoto vinapoisha. Neno aljebra nililisikia zamani kidogo nikadhani ni ugonjwa wa ng'ombe. Kanisani naongoza kwaya, na hapo najisifu bila haya, lakini kwaya haikufikishi Makerere.

Hata hivyo niliona kwamba nikikataa mimi hutakuwa na mwingine wa kumwomba. Kwa hiyo nimeamua kujifunza kwanza mimi, kisha nikuandikie. Nitakutangulia hatua moja, kama kipofu anayemshika mkono mwenye macho. Huku chini kwenye misheni ya Waroma yuko kijana mmoja, Bruda Liberatus, anayefundisha hesabu seminari. Jumamosi nilipanda baiskeli nikamwendea.

Akaniuliza, "Mzee, aljebra unaitakia nini?"

"Ya mpwa wangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Iringa."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta ubao, akaniambia nikae. Nilikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakagusa kidevu.

Haya, somo la kwanza. Kitu usichokijua unakiita x, unaishi nacho hivyo hivyo mpaka kijitoe chenyewe. Una mabanda matatu yenye kuku sawasawa, na kuku wengine watano wanazurura nje. Wote jumla ni ishirini. Kila banda lina kuku wangapi? Mimi nimefanya nyumbani bila msaada na nimepata kuku wanane na theluthi. Angalia kama ndivyo.

Mjomba wako, mwanafunzi mzee kuliko mwalimu wake,
Asukile


Kalenga, Iringa
2 Mei 1956

Kwako mjomba mpendwa,

Kikohozi cha mama Marta kimeniingia moyoni, mpe asali. Huku tumemaliza kuvuna maharage ya shule na mikono yangu imerudi kuwa ya mkulima, kwa hiyo mama asihofu kwamba shule inanilegeza.

Mjomba, nimemtafuta yule kuku wa theluthi kila banda nisimwone. Nadhani wale watano wanaozurura ulipowavusha upande wa pili ulisahau kuwapunguza, ukawaongeza. Mimi napata kuku watano kwa kila banda. Nimeogopa kukuandikia hivyo, ndiyo maana barua imechelewa. Niliona kama namkosoa mzee mbele ya watu.

Lakini usidhani mimi ni hodari. Barua yako ya pili, ile ya Aprili yenye mabano, niliisoma wakati wa kufua nikafua soksi moja mara tatu, nyingine nikaianika na matope yake. Esta anasema Mchumaji sasa ameanza kuchuma herufi. Nimemwonyesha zile hesabu, akashika kichwa, akaondoka. Kesho yake akarudi kuuliza jibu.

Nitumie zaidi.
Mpwa wako, Ikupa


Mbeya
18 Juni 1956

Mpwa wangu,

Baridi imeshika. Asubuhi majani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na mama yako ameshindwa kwenda shambani siku mbili mfululizo, jambo ambalo amelichukulia kama tusi. Asali ilifanya kazi. Marta amepona na sauti imerudi yote.

Ulinikosoa vizuri. Nilimwonyesha Bruda, akasema, "Huyo mpwa wako ndiye angekuja hapa." Nikamwambia nami naona hivyo, ila seminari yenu haipokei wasichana, kwa hiyo mnivumilie mimi.

Leo nakutumia kurasa nne. Kila mahali utaona x, nyingine zina namba mbele, nyingine zimo ndani ya mabano. Usiogope wingi wake.

Najua utauliza habari za kwaya. Kwaya iko vizuri. Siku hizi mimi nakaa benchi la nyuma, nasikiliza. Mtu akiisikiliza kwaya kutoka nyuma anajifunza mengi.

Mjomba wako


Mbeya
25 Agosti 1956

Ikupa,

Ni salamu tu. Tangu Juni sijapata jibu lako. Kama nimekosea tena hesabu, niambie, mimi siumii. Kama unaumwa, niambie pia. Mama yako anauliza kila siku ya posta, nami nimeanza kumtungia salamu zako, na utunzi wangu haufiki mbali.

Asukile


Iringa
30 Septemba 1956

Kwako mjomba wangu,

Barua hii Esta ameipeleka mwenyewe posta ya mjini, ndiyo sababu unaipata upesi. Mimi mzima. Sikuumwa wala sikukasirika. Nilifungiwa barua zako, mjomba, na sababu yake ukiisoma kaa chini kwanza.

Barua zetu husomwa na Mwalimu Mkuu kabla ya kupewa. Zile za mwanzo alizitupia jicho tu akazipitisha. Hii ya Juni aliifungua akaduwaa. Kumbe Waingereza wakimwandikia mtu wanayempenda humalizia chini kwa alama ya x, na kila x ni busu. Wewe ulileta kurasa nne za x kutoka juu mpaka chini. Kiswahili chake ni cha kuamuru tu, kwa hiyo maneno hakuyafuata. Aliona busu tatu, ongeza tano, funga mabano.

Aliiweka barua kabatini akamsubiri mchungaji wa mjini aje aisome. Mchungaji alikuwa safarini. Miezi miwili nilifagia uwanja bila kujua kosa langu. Juzi ndipo nikaitwa.

"Mwanamume huyu ni nani?"

"Ni mjomba wangu, Bibi."

"Mjomba gani anaandika namna hii?"

"Anayetafuta thamani ya x."

Mchungaji alikuwa ameshamaliza kusoma, naye alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mwalimu Mkuu akanipa chaki. Akamwambia mchungaji aandike swali ubaoni, nami nikalifanya, nikapata jibu. Mwalimu Mkuu alilisogelea lile jibu. Akasema kwamba yeye utotoni hakufundishwa hesabu hizi; walifundishwa kaka zake. Kisha akasema ataniandikisha mtihani wa hesabu, nikaufanye mjini, shule ya wavulana, maana hapa hautolewi.

Ningefurahi, lakini siku hiyo hiyo alinikabidhi barua zote alizozishika, na mojawapo ilitoka kwa mama, ameandikiwa na Jailos wa kwa jirani. Mama anasema umeondolewa kwenye kwaya kwa sababu unashinda kwa Waroma. Mjomba, uliniambia unakaa nyuma kusikiliza. Mimi nimefurahia kuku na mabanda kumbe wewe umenyang'anywa kitu pekee unachojisifia. Basi niache nishone. Mwambie Bruda asante, urudi kwenye kwaya yako.

Ikupa


Mbeya
14 Oktoba 1956

Ikupa, mpwa wangu,

Nilipofika pale pa busu katika barua yako Marta aliipokonya, akaisoma kwa sauti, na sasa hapa nyumbani sina heshima tena. Hata chai naletewa kwa kicheko.

Mama yako, dada yangu Damari, Mungu alimpa mengi, ila hakumpa kufuli ya mdomo. Kwa kuwa amekwisha sema, nami niseme. Mzee Saulo wa kanisani kwetu aliiona baiskeli yangu imeegemea ukuta wa misheni kila Jumamosi. Wazee wakaniita. Wakauliza kama nimebadili dini. Nikasema sijabadili dini, nimeongeza somo. Mzee Saulo akasema anayewafundisha watu kuimba hawezi kushinda kwa Waroma akitafuta herufi. Wakaniambia nichague. Nilipotoka, baiskeli niliikokota njia nzima maana macho hayakuwa yakiona vizuri. Watu niliowakuta niliwaambia ni vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa unasema uache. Ukiacha, mimi nitakuwa nimepoteza kwaya kwa ajili ya kuku tu. Endelea, tafadhali, hata kama ni kwa kunihurumia.

Tena kuna jambo jingine la kuchekesha. Bruda ameniandikisha mimi nami nifanye mtihani huo huo, huku Mbeya, na vijana wake wa seminari. Nimekubali ili usiende peke yako. Tutashindwa pamoja kama ndugu.

Mjomba wako


Kalenga, Iringa
27 Januari 1957

Kwako mjomba,

Salamu kwa wote. Sitaandika sana. Likizo nilibaki shuleni kwa kukosa nauli, na Mwalimu Mkuu ameniruhusu niendelee kukaa hapa nikisaidia darasa la kushona.

Siku ya mtihani nilikalishwa karibu na mlango, msichana peke yangu, na wavulana wakinitazama kana kwamba nimekuja kuuza maandazi. Karatasi ya aljebra niliipitia kama ninayepita shambani kwetu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha ikaja jometri. Chora duara, ikasema, na wavulana wote wakatoa bikari mfukoni. Mimi sijawahi kuishika. Msimamizi akaniazima yake, nikajichoma kidole gumba, damu ikamwagika kwenye karatasi, na duara langu likatoka kama kiazi. Baada ya hapo kila swali lilitaka kiazi kile kikatwe sawasawa.

Matokeo yamekuja. Kiingereza, historia na jiografia nimefaulu. Hesabu nimeanguka. Darasa la kumi na moja sikupata.

Wewe je? Bruda amesemaje?

Ikupa


Mbeya
22 Aprili 1957

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua mwaka huu ni nyingi. Viazi vya mama yako vimeoza pembeni lakini vya katikati ni vizuri. Mbuzi wa Marta amezaa mapacha, mmoja mweupe na mmoja ana baka jicho la kushoto, na huyu wa baka amekula kofia yangu ya kanisani. Jailos ameoa. Daraja la chini limechukuliwa na maji limerudishwa. Yule mbuzi mweupe...

Nimeandika habari za mbuzi mpaka ukurasa umeisha, na tangu Februari nimeandika barua nyingine za mbuzi nikazichana. Sasa sina pa kujificha. Ikupa, mimi nimefaulu.

Tena sikufaulu kwa kuchechemea. Bruda aliitundika karatasi yenye jina langu mlangoni, nikamwomba aitoe. Mtu mzima wa darasa la kwanza, asiyekwenda popote, amepita mlango ambao ulikuwa wako. Nililiona baya mno hata nikashindwa kukujibu, na kila wiki iliyopita likazidi kuwa baya.

Nimefikiri kwa nini. Aljebra tuligawana sawa kwa sababu inaandikika. Jometri haipiti posta. Mimi nilikuwa na bikari ya Bruda, meza ya Bruda na Bruda mwenyewe akinishika mkono. Wewe nilikutumia maneno "chora duara" nikaona nimefundisha.

Nilikwenda kumweleza mama yako. Alikuwa anapalilia. Hakuinuka. Aliniuliza, "Aliyekuwa anasoma ni nani?" Nikachukua jembe la pili nikapalilia naye mpaka mstari ukaisha.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni bikari. Nimeifunga ncha yake kwa kitambaa.

Asukile


Kalenga, Iringa
19 Mei 1957

Mjomba,

Bikari imefika na ncha yake haijamchoma mtu. Asante. Mwambie Jailos nampa pole na hongera, achague mwenyewe.

Nisikudanganye, barua yako ilinikasirisha. Niliiweka chini ya godoro nisiione. Nilitembea nikijisemea, yaani hata mbuzi amepata nafasi kwenye barua kabla ya mimi kuambiwa. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu umefaulu, halafu nikakasirika kwa sababu ulinificha, na mwisho sikujua tena ninakasirikia lipi. Esta akaniuliza kama ningependa zaidi tuwe wawili tulioanguka. Nilikaribia kusema ndiyo. Hapo nikajionea haya, nikaitoa barua, nikaisoma tena, na nilipofika kwenye kofia iliyoliwa nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Nikamwambia mjomba wangu amepata cheti kule Mbeya ambako hakina kazi, na mimi huku Iringa ninayekihitaji sina. Sasa kama huo si uchumi basi sijui uchumi ni nini. Hakucheka. Aliuliza tu nilikosea wapi, nikamwonyesha kovu la kidole.

Amekubali nirudie darasa la kumi. Na amempata mwalimu wa hesabu kutoka shule ya wavulana, Mwalimu Timotheo Kalinga, atakuja Jumanne na Ijumaa. Nilidhani tutakuwa mimi na ubao. Siku ya kwanza viti havikutosha. Esta alikuwa wa mbele, ananyoosha mkono kabla ya swali kuisha, na kwa taarifa yako ananishinda. Tumechora maduara mpaka meza za shule zimetoboka.

Wewe usiache kuniandikia kwa sababu sasa nina mwalimu. Mwalimu Timotheo hakosei, na mtu asiyekosea hanifundishi kukosoa.

Mpwa wako aliyeanguka na kuinuka,
Ikupa


Mbeya
22 Februari 1958

Mpwa wangu Ikupa, huko Tabora,

Natumaini barua hii imekukuta umeshazoea joto. Tangu tulipokusindikiza kwenye basi la kwenda Itigi, nyumba ya mama yako imekuwa kimya, na yeye anaujaza ukimya huo kwa kuwaeleza wapita njia kwamba binti yake amefaulu hesabu na amepelekwa darasa la kumi na moja kwa reli. Wengi wao walikwisha ambiwa. Wanaambiwa tena. Mimi nami napongezwa, na ninapokea kama mtu aliyefanya kazi.

Mzee Saulo alikuja Jumapili baada ya ibada. Akasema wazee wamefikiri upya, na kwamba nikitaka naweza kurudi kwenye kwaya. Nilifurahi mpaka nikaanza kukohoa ili kusafisha koo. Kumbe alimaanisha kuimba. Kuongoza anaongoza mwanawe, na kusema kweli kijana yule anaongoza vizuri kuliko nilivyoongoza mimi, jambo ambalo watu wote walilijua isipokuwa mimi. Wameniweka besi. Nasimama mwisho wa mstari, karibu na mlango, na ninaimba kwa furaha kubwa kuliko zamani, ingawa jirani yangu wa kushoto ameomba ahamishwe.

Sasa habari yenyewe. Kwa ajili ya cheti kile, shule imenitoa darasa la kwanza imenipeleka kufundisha hesabu darasa la tano. Nilikwenda nimevaa koti. Nikaeleza, nikachora, nikageuka nikaona nyuso zote zimenielekea, nikajiona mimi ni Bruda. Ndipo msichana mmoja wa nyuma, mtoto wa Filemoni anayelima pareto, akasimama kwa adabu akauliza hesabu hizi zina kazi gani kwake yeye.

Niliweka chaki chini. Yote niliyojifunza, kuanzia siku ya kwanza kwenye lile benchi, niliyajifunza kwa sababu uliyataka wewe. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza. Nikamwambia ni swali zuri, akae chini, nitamjibu wiki ijayo.

Wiki ijayo imefika na imepita. Bado anasimama kila somo kudai jibu lake. Kwa hiyo, mpwa wangu, soma upesi, na ukifika pale uchumi unapoeleza kazi ya hesabu hizi, niandikie, maana hapa nina mtu anayesubiri.

Mjomba wako,
Asukile